Macho Yako Katika Picha ya Mahari

Ifakara

Mayu,

Mwangaluka. Nakuamkia kwa salamu ya asubuhi kwa sababu wewe uliitumia hata jua likiwa limeshapinda, na kwa sababu sijui huko uliko saa zinakwendaje. Mimi nimechoka. Nimerudi juzi kutoka nyumbani, siku mbili za basi, miguu imevimba, na hata sasa nikikaa naona meza inatikisika kama niko bado njiani. Nilitaka nilale kwanza. Lakini jambo hili nimeliahirisha miaka kumi na tisa, na wewe, mama yangu, umekufa kabla sijalisema.

Utashangaa kwamba nakuandikia. Hukujua kusoma. Barua zote zilizokuja nilikusomea mimi, nikizigeuza kutoka Kiswahili kwenda Kisukuma, na wewe ukinikatiza: "Hapo umeruka. Rudia." Mara nyingi ulikuwa sahihi. Nilikuwa naruka. Hii sitaruka.

Nianze na lile zito, nisije nikaishiwa nguvu kabla sijalifikia. Ile picha ya mahari ya mdogo wangu Minza, iliyotufukuza nyumbani, watu wa Mwanza waliosafisha filamu hawakuiharibu. Nilikudanganya.

Najua ulivyowachukia watu hao. Mvua ikizidi na mpunga ukalala, ulisema, "Watu wa Mwanza wale, Mungu anawaona." Mbu wakikusumbua, watu wa Mwanza. Na yule muuza dagaa pale sokoni, mwanamke wa watu asiyejua hili wala lile, ulimpita miaka yote hiyo bila salamu kwa sababu ndoo yake iliandikwa Dagaa wa Mwanza. Mimi nilikuwa nabeba kikapu nyuma yako. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila Jumamosi.

Mengine unayajua kuliko mimi, ila niache niyaandike yote kwa mfuatano wake, maana mpaka leo umeyajua nusu.

Unakumbuka ushirika ulipoanza kuyumba. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na malori yao, wakanunua pamba hadi mlangoni mwa mtu, na mimi, karani wa ghala, nikaambiwa nikapumzike nyumbani. Nilikuwa na miaka arobaini na kabati la vitabu. Ulikuwa wakati wa ruksa. Vitu ambavyo zamani tulivisikia tu vilikuwa vimetandazwa chini Bariadi mjini, juu ya turubai: redio, saa, mitumba, kamera. Ukauza dume lako jeusi ili ninunue ile kamera. Ulisema, "Mtu aliyesoma hawezi kukaa na jembe tu." Kamera ilikuwa ndogo, ya kuingia mfukoni, flashi yake imejengwa humo humo juu ya kioo cha mbele. Watu walikuwa wamechoka na picha nyeusi na nyeupe za studio. Walitaka kanga zao zionekane na rangi zake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mambo yalipoanzia. Pembeni mwa kamera kulikuwa na kitufe chenye alama ya jicho. Ukikiwasha, kamera hutangulia kutoa vimwanga vidogo, puu, puu, halafu ndiyo flashi kubwa inapiga. Wateja wangu hawakulijua hilo. Wakiona mwanga wa kwanza wanadhani picha imeshatoka. Huyu anashusha pumzi, yule anakuna pua, mwingine anainuka kitini. Nilipeleka filamu nzima Mwanza kusafishwa, ikarudi imejaa watu wanaoinuka. Mzee mmoja wa mnadani alitoka shingo na koti tu, kichwa kimebaki nje ya picha. Aliitazama akaniambia, "Maduhu, umenichinja."

Nikatafuta kile kijitabu cha maelezo kilichokuja na kamera. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa kama thelathini. Nikasoma ukurasa mmoja, ule wa jinsi ya kuzima kitufe cha jicho. Nikakizima, nikabandika kipande cha plasta juu yake kisije kikajiwasha. Nikafunga kijitabu.

Ndipo ikaja mahari ya Minza. Ilikuwa masika, mto umejaa, na Sayi, mchumba wake, na ndugu zake walisubiri maji yapungue, kwa hiyo ng'ombe walifika jua likiwa limeshazama, mwanga umebaki kidogo tu upande wa magharibi. Wewe ulikuwa jikoni tangu mchana. Kuni zilikuwa zimelowa, ukapikia miti ya pamba na samadi kavu, moshi ule unaouma mpaka ndani ya kichwa. Ulitoka unafuta macho kwa ncha ya kanga, ukasema, "Mnipige picha hivi nilivyo, nanuka moshi?" Ukataka ubadilishe kanga. Nikasema hakuna wakati, mwanga unaisha.

Niliwapanga mbele ya zizi. Sayi na ndugu zake walisimama kushoto, na kwa kuwa mbele ya mama mkwe mtu hainui uso, walikaza macho kwenye viatu vyao vilivyojaa matope. Minza aliinamisha kichwa ndani ya kanga mpya. Baba mdogo aligeuka kumtazama dume mmoja aliyekuwa anachechemea, na alikuwa ameanza kulalamika kuhusu huyo dume. Nikasema, "Mayu, tazama hapa." Ukatazama.

Picha zilirudi kutoka Mwanza baada ya wiki mbili. Zilitoka vizuri, mayu. Matope yalionekana, kanga ya Minza ilionekana, hata mkunjo wa uso wa baba mdogo. Ng'ombe wawili walikuwa wametazama mbele na macho yao yaliwaka kijani kama vioo vya chupa. Na wewe katikati, mboni zako mbili nyekundu kama makaa.

Nilicheka kidogo. Naomba uniwie radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Pale mjini ilikuwa imeshanitokea kwa walimu, kwa wenye maduka, na wao walicheka: "Umenifanya shetani, Maduhu!" Wakaiweka picha ukutani. Kwa hiyo mjumbe wa Sayi alipokuja kuchukua nakala yao nilimpa, nikaendelea na kazi. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kiasi cha kusahau kwamba kijijini kwetu, huko upande wa Kasoli, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hachekwi. Anaogopwa. Na mtu anayeogopwa na kijiji kizima hana maisha marefu. Wewe hilo ulilijua. Kila ulipokwenda kisimani ulinawa uso kwanza.

Picha ilizunguka kwa wakwe, ikavuka kwa majirani, ikafika kwa Njile. Njile alikuwa amefiwa na ndama wanne masika ile na alikuwa anatafuta sababu. Nilimsikia kwa masikio yangu pale kwenye kituo cha kuuzia pamba, ameishika picha kwa ncha za vidole: "Siku zote tulisema macho ya Kabula, mkatwambia ni moshi wa jikoni. Haya, hapa moshi uko wapi? Kamera haina ugomvi na mtu. Imeona ilichoona." Mtu mmoja akamjibu kwamba hata ng'ombe macho yao yanawaka. Njile akasema, "Ng'ombe hawajaua ndama zangu." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichonitia hofu, kwa sababu kilikuwa kifupi.

Ndipo nikajitia ualimu. Nilikwenda kwa wazee nikasema hii ni kazi ya mwanga tu, inampata kila mtu, na nitaithibitisha. Waiteni watu, nitawapiga picha wote kwa kamera ile ile, na mtaona macho yenu wenyewe yakiwa mekundu. Wazee wakakubali. Wakapanga saa sita mchana, uwanjani, jua limesimama kichwani, kwa sababu mambo kama hayo, walisema, hayafanywi gizani. Mimi nikaona ni sawa. Nikawapiga watu ishirini na wanne, mmoja mmoja. Njile alikuja amevaa koti. Wewe ulikataa. "Kitu kile kimenitazama mara moja, kinatosha." Nilikusihi, ukaingia ndani ukafunga mlango.

Picha zikarudi. Watu ishirini na wanne, macho arobaini na manane, yote meusi, yanang'aa, safi kama macho ya watoto. Nilizifungua mbele ya wazee. Sikuwa nimezitazama kwanza, ili wasiseme nimechagua. Hakuna aliyepiga kelele. Walizirudisha kwenye bahasha taratibu, na mzee wa upande wa kina Sayi akasema kwa upole kabisa, "Basi tumeona." Mayu, nilikwenda kukutetea nikawapa ushahidi waliokuwa hawana.

Karatasi iliyokuwa mlangoni asubuhi ya siku ya tatu nilikusomea. Hiyo pia niliruka maneno. Nilikwambia inasema tuhame. Ilisema zaidi ya hapo.

Tuliondoka juu ya lori la mnunuzi wa pamba, saa nne asubuhi, watu wakituona na wakijifanya hawatuoni. Ulikaa juu ya magunia na sufuria yako magotini. Tulipopita daraja ukaniuliza, "Maduhu, hivi macho yangu yaliingiwaje na wekundu ule?" Nami sikujua, mayu. Nilijua ni mwanga, lakini kwa nini uliingia kwako na haukuingia kwa wale ishirini na wanne sikujua, na niliona aibu kuwa sijui. Nikasema, "Watu wa Mwanza walikosea dawa ya kusafishia." Ukanishika mkono. Ukasema, "Afadhali. Nilidhani umekosea wewe, na wewe huna kazi nyingine."

Baada ya maneno hayo ningesema nini?

Treni hadi Kilosa, basi hadi huku kwa mjomba na ng'ombe wake. Kamera niliiuza Kilosa. Kijitabu kilibaki kwenye mkebe pamoja na negativu, kwa sababu huwa situpi karatasi. Mwaka wa nne huku, mafuriko yalipotufungia ndani wiki nzima na nilikuwa nimeshasoma kila kitu kilichokuwamo nyumbani, hata maandishi ya mifuko ya mbolea, nilikitoa nikakisoma mwanzo hadi mwisho. Ukurasa uliofuata ule niliousoma mimi ulikuwa na mchoro wa jicho. Nilikaa nao mpaka maji yakapungua.

Nikueleze sasa, kama ilivyonipasa kukueleza juu ya lori.

Ile nukta nyeusi katikati ya jicho ni mlango, mayu. Kwenye mwanga mkali mlango unajifunga, unabaki upenyo tu. Kwenye giza unafunguka wazi ili mwanga mdogo uliopo uingie. Wewe ulikuwa umetoka jiko la giza, ukasimama nje jua limeshazama; milango yako ilikuwa wazi kabisa. Flashi ilipiga ghafla. Jicho lina haraka, lakini si haraka ya flashi. Mwanga uliingia mpaka ndani kabla mlango haujaanza kusogea, ukagonga ukuta wa nyuma. Ukuta huo umejaa mishipa ya damu kwa kila mtu, kwa askofu na kwa mtoto mchanga. Mwanga ukachukua rangi ya damu ukarudi ulikotoka. Na kwa kuwa kwenye kamera yangu ndogo flashi na kioo vilikaa karibu kama pua na mdomo, mwanga uliporudi ulikuta kioo kiko hapo hapo kinausubiri. Wapiga picha wa magazeti hushika flashi kwa mkono, mbali, pembeni, au huielekeza darini. Wekundu wao unarudi upande wa flashi na kamera haiuoni.

Wale wengine kwenye picha ya mahari walitazama chini au pembeni. Mwanga haukupata mlango wa kuingilia. Na ng'ombe, nyuma ya macho yao kuna utando unaong'aa kama bati jipya, ndiyo maana hurudisha kijani. Moshi wa jikoni hufanya wekundu kwenye weupe wa jicho, si kwenye mboni. Ni vitu viwili visivyojuana. Njile aliviunganisha, na mimi niliyesoma sikuweza kuvitenganisha.

Na kile kitufe nilichobandika plasta? Vile vimwanga vidogo vya kwanza ni hodi, mayu. Si kitu kingine. Kamera inabisha hodi, jicho linasikia, linarudisha mlango, ndipo flashi kubwa inapita na kukuta upenyo tu. Wateja walikuwa wanainuka kwenye hodi. Badala ya kuwafundisha kukaa mpaka mwanga wa pili, niliizima hodi, na nikakuingilia mama yangu bila hodi.

Na saa sita uwanjani? Kijitabu kiliandika kwa mstari mmoja, tena mfupi: piga picha mahali penye mwanga mwingi, macho hayatakuwa mekundu. Milango yote ishirini na minne, miwili miwili, ilikuwa imeshafungwa na jua. Flashi yenyewe nadhani haikupiga. Mstari ule ulikuwa mfukoni mwa koti langu nilipokuwa nawapanga. Ningewaomba wasubiri jioni tu. Au ningewaingiza ndani ya nyumba, mmoja mmoja.

Nilipomaliza kusoma niliinua kichwa, wewe ulikuwa unachambua mchele kando ya mlango. Ukasema, "Umesoma nini, mbona umekuwa kama umemezwa?" Nikasema, "Karatasi za zamani." Ukasema, "Watu wa Mwanza?" Nikasema ndiyo.

Haya. Nimesema.

Sasa habari za safari. Minza hakuweza kuja kukuzika, unajua magoti yake, kwa hiyo nilimpelekea mwenyewe ile kanga yako ya mwisho na sufuria. Bariadi usingeijua. Siku hizi ni makao makuu ya mkoa, mkoa mpya, umepewa jina la mto wetu, na kuna lami na taa na maofisi ambayo rangi yake haijaanza kufifia. Nilishuka stendi hakuna aliyenijua, nikaona nafuu. Kijijini walinijua haraka zaidi.

Picha bado ipo, mayu. Iko ukutani kwa Minza, juu ya kabati la vyombo. Nilitaka nisiitazame nikaitazama. Macho yako ni meusi. Nilisogea karibu: ni wino wa kalamu. Minza akasema, "Ni marehemu Sayi. Aliposikia inazunguka aliifuata kwa ndugu zake akaichukua kwa nguvu, akaketi hapo mezani na kalamu, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza akasema, sasa mama mkwe amepona. Kesho yake tukasikia mmeondoka." Mkwe asiyeruhusiwa kukutazama usoni alitumia jioni nzima kukupaka macho. Wino umefifia ukawa zambarau, na pembeni wekundu unaanza kurudi.

Siku ya pili Njile alikuja kutoa pole. Amebaki mifupa na kofia. Macho yake, weupe wote, ni mekundu. Anaishi peke yake, anajipikia. Alisimama mlangoni akasema, "Ng'wana Kabula, umezeeka," nami nikasema, "Wewe ulizeeka zamani, sasa umebaki tu." Akacheka mpaka akakohoa. Akakaa. Tulikula michembe ya viazi vikavu kama watu wasio na jambo.

Kulwa, binti mkubwa wa Minza anayesoma sekondari huko Nyalikungu, alikuwa na kamera ndogo ya siku hizi isiyotumia filamu. Picha inaonekana hapo hapo mgongoni mwake. Alikuwa anatupiga picha tangu asubuhi. Nyumba ya Minza ina madirisha madogo, unajua, na nje kulikuwa kumeingia mawingu. Nikamwuliza Kulwa kwa sauti ya chini kama ile taa ya jicho inazimika. Akasema inazimika, mjomba. Nikamwambia izime. Nikaichukua kamera, nikamwendea Njile, nikasema, "Nitazame hapa."

Akatazama.

Nilimwonyesha. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akauliza, "Huyu nani?" Nikasema ni wewe. Mboni mbili nyekundu kama makaa na kofia yake juu. Kisha akasema, "Na ya mama yako ilikuwa hivi hivi?" Nikasema hivi hivi. Akasema, "Mbona siku ile uwanjani yetu yalikuwa meusi?"

Miaka kumi na tisa, mayu, na mzee yule asiyejua kusoma aliuliza swali lile lile ambalo mimi ilinipasa kuliuliza kabla sijafungua bahasha. Nikamweleza: mlango, jua, giza, hodi. Alisikiliza vizuri kuliko wazee wa siku ile. Mwishoni akasema, "Kwa nini hukusema wakati ule?"

"Sikuwa nimesoma ukurasa huo."

"Wewe?" akasema. "Wewe, msomi wetu?"

Hakusema kwa dhihaka. Alisema kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Sikumuuliza kuhusu ile karatasi ya mlangoni, naye hakuitaja.

Halafu akanipa kamera kwa mikono miwili. "Futa hiyo, baba. Naishi peke yangu. Vijana wa hapa siku hizi hawaulizi mara mbili. Futa." Nilikaa nayo mkononi. Nitakwambia kweli: nilitaka kuiacha. Nilitaka ikae humo, Kulwa aisafishe kubwa, niibandike pale kwenye kituo cha pamba aliposimama yeye. Nilihesabu ndani yangu miaka, na mbu, na kaburi lako kwenye udongo usiokujua. Na Njile alikuwa anatazama kidole changu, mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayesubiri sindano.

Nikafuta. Nilikuwa nimechoka mno kumwogopesha mtu. Kulwa akaiwasha taa, akampiga nyingine, hodi kwanza, akatoka na macho meusi na kofia yake, mzee wa kawaida. Akaitazama hiyo nayo kwa muda. Alipoondoka alisema mlangoni, bila kugeuka, "Nitawaambia wenzangu waliobaki. Si wengi."

Sijui kama atawaambia. Minza anasema jioni ile alimsikia kwa jirani anaeleza habari za mlango na hodi, anazichanganya, lakini jina lako alilitaja vizuri.

Siku ya kuondoka nilipitia duka la picha Bariadi na ile negativu ya kwenye mkebe. Ilikuwa imepata ukungu pembeni tu. Dada wa dukani aliiingiza kwenye mashine, ukatokea kwenye kioo cha kompyuta mkubwa kuliko ulivyowahi kuwa, unanuka moshi karibu nausikia. Akaniuliza, "Mzee, macho ya huyu mama nitoe wekundu? Ni mara moja tu, naweka weusi." Nikaona kidole chake kimeshainuka.

Nikasema acha.

Alishangaa. Sikuwa na nguvu ya kueleza, kulikuwa na foleni nyuma yangu. Lakini wewe nakueleza. Watu wote pale zizini walitazama viatu, kanga, dume anayechechemea. Mimi nilisema tazama hapa, na aliyetazama ni mmoja. Wekundu ule ni damu yako mwenyewe, imeonekana kwa sababu ulinifungulia wazi, ukiwa umechoka na moshi, kwa kuwa mwanao alikuomba. Sayi alitaka kukuponya kwa kalamu, na namshukuru. Mimi siwezi kuufuta tena. Nimeshaukimbia vya kutosha.

Mayu, kesho nitakuja kwako na barua hii. Nitaisoma kwa Kisukuma, polepole, na ukihisi nimeruka mahali, nizuie kwa namna yoyote waliyonayo huko. Picha nitaitundika hapa sebuleni na macho yake yalivyo, na kila atakayeuliza nitamkalisha nimweleze mpaka mwisho, hata nikiwa na usingizi. Hiyo ni ahadi.

Na Jumamosi nitakwenda sokoni kwa yule mwanamke wa dagaa. Nitamsalimia kwa niaba yako, nitanunua dagaa, nitawapika kwa karanga. Watu wa Mwanza hawakukosea kitu.

Lala, mayu. Wabeja, asante.

Mwanao,
Maduhu